Kinga ya Mwili Sio Tanki la Maji

Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba 2025 walitangazwa washindi wa Nobeli ya tiba, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, na mpaka jioni nilikuwa nimeshapokea ujumbe uleule kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, la ukoo, la mtaa na la tuliosoma wote, kwamba wazungu hatimaye wamekubali kuwa ukipandisha kinga ya mwili kansa inakufa yenyewe. (Sakaguchi ni Mjapani, ila tuachane na hilo.) Wiki hiyohiyo nikapita soko la Majengo hapa Dodoma kununua vitunguu, nikamkuta kijana mmoja na spika yake na meza imejaa chupa, maji ya kahawia, lita moja shilingi elfu thelathini, na habari ya Nobeli anayo, anaitangaza vizuri kuliko redio. Nikachukua chupa moja nikasoma karatasi yake: inapandisha kinga, inatibu kansa za aina zote, pumu, baridi yabisi na kisukari. Nikairudisha mezani huku nacheka, na nitasema mbeleni kwanini nilicheka.

Hoja yangu naiweka hapa mapema ili hata asiyefika mwisho aondoke nayo. Hiyo tuzo inasema karibu kinyume kabisa cha kinachosambazwa. Wale watatu hawakupewa Nobeli kwa kupandisha kinga, wamepewa kwa kuonyesha mwili unavyoizuia kinga yake wenyewe. Kinga sio lile tanki la maji juu ya nyumba kwamba unaligonga ubavuni, ukisikia limelia tupu unajua mgao umekupitia na unatafuta pampu. Ni kugusana, seli na seli, kipokezi na kipokezi, mamilioni ya miguso kila dakika, mingine inasema shambulia, mingine inasema acha huyu ni wa kwetu, na kansa nyingi zinashinda wakati askari wapo wengi tu, wamesimama palepale mlangoni, ila zimeshajifunza neno la kuwaambia wapite. Kulielewa hili vibaya kunatugharimu hela, kunatugharimu miezi ambayo mgonjwa hana, na kunatufanya tudai vitu visivyo pale tunapoongelea huduma za kansa huku kanda ya kati.

Tuanze na hayo mambo ya kugusana, maana bila hapo mengine yote yanabaki porojo. Ukienda vijiji vya Ugogoni mvua zikianza kukata utakuta mboga zimeanikwa, mlenda na majani ya kunde, kwenye jamvi nje au juu ya tembe, akiba ya kiangazi. Anayepita njia haingii jikoni kwa watu, anaangalia tu kilichoanikwa anajua humu ndani wanakula nini. Seli za mwili wako zinaishi hivohivo. Kila seli inachukua vipande vya protini inazotengeneza ndani inavianika nje, kwenye ngozi yake, juu ya kijukwaa kinachoitwa HLA, na hiyo HLA ndo kitu kinachopimwa pale Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapotafuta ndugu anayefaa kumtolea uloto mtoto mwenye sikoseli, kwasababu majukwaa yasipofanana mwili unamwona mgeni. Sasa askari anayepita njia ni seli T. Ana kipokezi chake, na kila ukoo wa seli T una kipokezi chenye umbo lake, kwahiyo mwili mmoja una mamilioni ya maumbo tofauti, nyingi hazitakuja kukutana na kitu chao maisha yote. Zimesomea kwenye tezi ya thaimasi, ipo nyuma ya mfupa wa kifua, na zile zinazoshika kwa nguvu vitu vya mwili wenyewe nyingi zinauawa hukohuko shuleni, ila sio zote. Hilo "sio zote" ndo limeleta Nobeli ya 2025, tutalirudia.

Mguso mmoja hautoshi lakini. Seli T ikikuta kipande inachokijua kwenye jamvi haianzi kuua, inasubiri mguso wa pili, kipokezi chake kingine kiitwacho CD28 lazima kishikane na protini ya B7 ambayo ipo kwa zile seli zinazobeba taarifa kutoka eneo la tukio kwenda kwenye mitoki. Ukipata wa kwanza bila wa pili seli T inapoa, inakuwa kama mlinzi aliyepiga simu ofisini hakuna aliyepokea akaamua yaishe. Ukipata yote miwili inawaka, inazaliana, zinatoka maelfu, zinakwenda kutoboa seli mbaya matundu na kuingiza ndani vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Alafu, na hapa ndo utaona ustadi, seli T ileile iliyowaka inaanza kutoa breki zake yenyewe. Inatoa CTLA-4, ambayo inang'ang'ania B7 ileile kwa nguvu kuliko CD28 na kuinyang'anya nafasi. Inatoa PD-1, ambayo ikiguswa na mwenzake PD-L1 kule kwenye nyama za mwili inaiambia basi, inatosha. Bila breki hizo kila mafua ungepona ukiwa umeharibiwa mapafu na askari wako mwenyewe.

Kuna na aina nyingine ya askari, seli NK, hizi hazina habari na kipande gani kimeanikwa, zinaangalia kama jamvi lipo. Ni akili ya ajabu kidogo, kwasababu seli ya kansa ikiona vipande vyake vinaichoma inaweza kuamua kutoanika kabisa, inaondoa HLA zake, na seli T zinapita bila kuona kitu. Lakini NK ikikuta uwanja mtupu ndo inashtuka, nyumba gani hii msimu wa mboga haina kitu nje, na vipokezi vyake vya kuzuia vikikosa cha kushika inaua. Ina na kipokezi kinachoitwa NKG2D kinachotambua protini ambazo seli inazitoa ikiwa kwenye shida, mfano ikipata virusi au ikiwa inageuka kansa. Kwahiyo ukijificha kwa huyu unaonekana kwa yule, na uvimbe mpaka ufikie kuonekana kwa macho maana yake umeshafaulu mitihani yote hiyo. Unapaka PD-L1 nje ili kila seli T inayofika iambiwe inatosha. Unaita seli za kutuliza zikae pembeni yake kama mabaunsa.

Hizo seli za kutuliza ndo Nobeli ya 2025. Sakaguchi mwaka 1995 alionyesha kwamba kuna kundi la seli T ambalo kazi yake ni kuzizuia seli T nyingine, kipindi ambacho wanasayansi wengi walishaona hilo wazo halina maana tena. Brunkow na Ramsdell mwaka 2001 wakaeleza kwanini panya wa ukoo fulani walikuwa wanazaliwa na ngozi ya magamba, mitoki imevimba, wanakufa ndani ya wiki chache: jeni moja, yaani maelekezo ya kurithi yaliyoandikwa kwenye DNA, wakaiita Foxp3, ilikuwa imeharibika. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu mtoto, karibu kila mara wa kiume, anazaliwa na ugonjwa ambao kinga inakula utumbo, inakula kongosho anapata kisukari akiwa mchanga, inakula ngozi. Baadaye Sakaguchi na wengine wakaonyesha kuwa jeni hiyo ndo inayozitengeneza seli za kutuliza. Yaani ukitaka kuona mtu ambaye kinga yake "imepanda" kweli, bila breki, ni yule mtoto. Na kwenye kansa seli hizihizi zinazotuokoa ndo zinazoulinda uvimbe, ndo maana maabara nyingi sasa hivi zinatafuta namna ya kuziondoa pale kwenye uvimbe tu bila kuziondoa mwili mzima. Sentensi kama hiyo haiwezi kuingia kwenye ujumbe wa WhatsApp wenye mikono miwili ya kuombea chini yake, naelewa.

Aliyeshika wazo la breki mpaka likawa dawa ni James Allison, Mmarekani wa Texas. CTLA-4 ilikuwa imejulikana tangu 1987 na kuna waliodhani ni pedeli ya mafuta ya gari, yeye na wachache wakasema hapana hii ni breki, na mwaka 1996 akaonyesha kuwa ukiziba hiyo breki kwa panya vimbe vinapotea. Kule Kyoto Tasuku Honjo na watu wake walikuwa wameshaipata PD-1 tangu 1992. Dawa ya kwanza ya kuziba CTLA-4, ipilimumab, ilipitishwa Marekani 2011, za PD-1 zikafuata 2014, na Allison na Honjo wakapewa Nobeli yao 2018. Wengi mnamkumbuka Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alikutwa na melanoma, aina kali ya kansa ya ngozi, imefika ini na ubongo mwaka 2015 akiwa na miaka 90, akapasuliwa, akapigwa mionzi na kuwekewa dawa ya PD-1, alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Tusimfanye Carter ushahidi peke yake. Melanoma ikishasambaa, zamani wengi hawakumaliza mwaka. Kwenye utafiti mkubwa uliochanganya dawa ya PD-1 na ya CTLA-4, baada ya miaka kumi asilimia 43 walikuwa hai. Na kwenye mchanganyiko huohuo zaidi ya nusu ya wagonjwa walipata madhara makali, utumbo kuvimba na kuharisha damu, ini, mapafu, tezi za homoni, wachache moyo, kwasababu ukiachia breki hauachii ya mtaa mmoja.

Kuna aliyejaribu kukanyaga mafuta badala ya kuachia breki, na hiki ndo kisa ningependa kila muuza chupa akisikie. Machi 2006, London, vijana sita wenye afya zao walijitolea kujaribiwa dawa iliyoitwa TGN1412. Ilitengenezwa kushika CD28, ule mguso wa pili niliousema, na kuuwasha bila kusubiri mguso wa kwanza. Matumaini ni kwamba ingeziamsha zaidi hizohizo seli za kutuliza, na dozi waliyopewa ilikuwa ndogo mara mia tano kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa moja na nusu hivi wakaanza kichwa, mgongo, kutapika, homa, presha ikashuka, na wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi viungo vinashindwa kufanya kazi. Wote walipona, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Hiyo ndo kupandisha kinga kwa maana halisi ya neno. Ingekuwa chupa ya Majengo inafanya inachosema, lile soko lingekuwa linahitaji ambulansi mbili asubuhi na mbili jioni.

Upande wa pili una hoja na zingine ni nzito, sitaki kuzipita kama sizioni. Nzito kuliko zote ni hii: mbona wenye kinga iliyoshuka wanapata kansa zaidi? Ni kweli tupu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kansa ya mlango wa kizazi kama mara sita ya mwanamke asiye na VVU, na kansa ya Kaposi tuliijua wengi wetu miaka ile ya tisini kwenye miguu ya ndugu zetu. Benjamin Mkapa hapa wanapandikiza figo tangu 2018, na mtu akipandikizwa anakunywa dawa za kuzuia kinga maisha yake yote ili isiile figo ya mgeni, na duniani kote waliopandikizwa wanapata kansa za ngozi na za mitoki kuliko wengine. Huu ni ushahidi mzuri sana kwamba seli T na NK zinatulinda kila siku na vimbe ambavyo hatutavijua. Lakini angalia unathibitisha nini. Unathibitisha kuwa ukiwatoa askari wezi wanaingia. Hauthibitishi kuwa mwizi aliyeko ndani sasa hivi aliingia kwasababu askari walipungua, na mgonjwa wa kansa ya titi ambaye CD4 zake, zile seli T zinazohesabiwa kupima kinga, ziko kawaida kabisa hana pengo la kujaza, anaweza kuwa na seli T kwenye uvimbe wake zimewekewa breki. Na yule mwenye pengo kweli, wa VVU, dawa ya kupandisha kinga yake ipo, inaitwa ARV, inatolewa bure kwenye kliniki za VVU (CTC), na haiuzwi na spika.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayopendwa kuliko zote, kwamba mizizi yetu inaponya kansa ila wazungu wanaficha. Mimi sina ugomvi na mizizi. Lile ua la vinka, lenye maua ya pinki na meupe, mnalipanda kwenye makopo barazani hapo Makole na Chang'ombe kama pambo, asili yake Madagaska, kutoka kwenye majani yake ndo zilipatikana vincristine na vinblastine, na watoto wenye leukemia, kansa ya damu, na wenye lile limfoma la taya wanatibiwa kwa vincristine mpaka leo. Hakuna aliyelificha, walilichuja, wakalipima, wakajua dozi inayoua kansa na inayoua mtoto, wakaliuza wakatajirika. Kampuni ya dawa ikikuta mti unaotibu kansa inaukimbilia kama nzi na embe. Alafu turudi kwenye kile kicheko changu. Karatasi ya chupa ilisema inapandisha kinga na inatibu baridi yabisi. Baridi yabisi ni kinga ya mtu inakula viungo vyake mwenyewe, wanaotibiwa wanapewa dawa za kuishusha. Pumu kwa wengi ni kinga inayopigana na vumbi kama vile vumbi ni adui. Kisukari cha watoto ni seli T zimeingia kwenye kongosho. Kwahiyo chupa moja inapandisha kinga kwa mwenye kansa na kuishusha kwa mwenye baridi yabisi, yenyewe inajua nani ni nani. Au haifanyi lolote, na hapo ndo kila kitu kinaelezeka.

Nitasema la nyumbani moja tu. Mama mdogo wangu wa Kongwa alikuja Dodoma na uvimbe kwenye titi, ulipoanza anasema ulikuwa kama punje ya karanga, alipofika kwangu ulikuwa limau na ngozi imeanza kuvutwa ndani. Nikamuuliza mama mbona hukuniambia. "Mwanangu, walisema nipandishe kwanza kinga ndo niende, hospitali wakinikuta dhaifu dawa zao zitaniua." Miezi saba. Hakuwa mjinga, alikuwa na mantiki, ile ya tanki: jaza kwanza alafu fungua bomba. Kwenye familia yetu hakuna aliyekuwa na mantiki nyingine ya kumpa, na mimi ninayeandika haya nilikuwa sijapiga simu kijijini tangu Pasaka.

Kuna hoja nyingine inayosemwa na watu wenye akili timamu: haya yote ya PD-1 yatusaidie nini sisi, Marekani bei ya mwaka mmoja ya pembrolizumab, mojawapo ya hizo dawa za PD-1, inapita dola 150,000, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 350, mtu wa Bahi auze ng'ombe wangapi. Hapa sibishani na bei. Ninachobisha ni kudhani kwamba bei itakaa hapo na kwamba hakuna kinachosogea. Mwezi mmoja kabla ya Nobeli, Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani liliongeza matumizi ya pembrolizumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ikiwemo kwa kansa ya mlango wa kizazi iliyosambaa, na hiyo ndo kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Habari hiyo haikufika kwenye grupu langu hata moja. Hatimiliki kuu ya dawa hiyo Marekani inategemewa kuisha 2028, na baada ya hapo makampuni mengine yataruhusiwa kutengeneza za kufanana nayo, kama ilivyotokea kwa trastuzumab ya kansa ya titi ambayo ilikuwa haigusiki na sasa ina nakala kadhaa. Haitakuwa bei ya panado. Lakini kuna siku mtu atakaa mezani na bajeti na kuuliza tununue au tusinunue, tumpe nani na tumnyime nani, na siku hiyo jibu halitatoka kwenye bei peke yake.

Litatoka maabara, na hapa ndo naona tunadai vitu visivyo. Dawa za breki haziwafanyii kazi wote, kwa kansa nyingi wanaoitikia ni wachache. Zinafanya kazi pale ambapo kuna kitu cha ajabu kwenye jamvi cha kutambuliwa na breki ndo kizuizi. Mnakumbuka 2022 ilivuma kwamba dawa ya kansa imepatikana New York, wagonjwa wote wamepona? Walikuwa 12, kansa ya utumbo mpana sehemu ya mwisho, dawa ya PD-1 inayoitwa dostarlimab, na ni kweli kwa wote 12 uvimbe ulipotea bila kupasuliwa wala mionzi. Lakini walichaguliwa kwa kipimo: vimbe vyao vilikuwa vimeharibika mfumo wa kusahihisha makosa ya DNA, vinafanya makosa maelfu, vinaanika vipande vya ajabu kila upande, seli T zinaviona mbali. Kwenye kansa hiyo wenye hitilafu hiyo ni kama asilimia tano hadi kumi. Bila kipimo ungewapa mia moja ukapata tisini waliolipa bure. Kansa za ngozi zinazoletwa na jua nazo ni za namna hiyo, makosa mengi sana ya DNA, na Marekani walipitisha cemiplimab, nayo dawa ya PD-1, mwaka 2018 kwa ile kansa ya ngozi ya magamba, ambayo ndo inawaua ndugu zetu wenye ualbino. Kwa hao mafuta ya kukinga jua na kofia pana bado ni dawa bora na rahisi kuliko zote, hilo halihitaji Nobeli.

Na kansa ya mlango wa kizazi hivohivo, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hiyo, inatolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, sasa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14, na kile kipimo cha siki hakihitaji hata mashine, nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi anasubiri dakika moja, pakigeuka peupe anajua pa kuangalia. Chanjo inafanya nini? Inatengeneza kingamwili ambazo zinamdaka kirusi kabla hajaingia kwenye seli, kabla hapajawa na uvimbe wa kupaka PD-L1. Ni kugusana kulekule, ila kwa bei ya serikali. Wale wanaosambaza kwamba chanjo inashusha kinga na chupa inapandisha wameipindua stori yote miguu juu kichwa chini.

Kilichonisumbua kwa mama mdogo kuliko ile chupa ni kinyama chake, kile kipande cha uvimbe kinachokatwa kwenda kupimwa. Kilikatwa, kikawekwa kwenye kikopo cha formalini, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino ambao tayari ulikuwa unafutika, na majibu yalikuja baada ya wiki tano. Sitaji ni wapi, na sidhani kama waliokuwa zamu walifanya uzembe, mezani kulikuwa na vikopo kama hivyo safu tatu na daktari wa patholojia mmoja. Majibu yenyewe yalisema ni kansa, ya aina gani, basi. Vipokezi vya homoni havikupimwa, HER2, protini inayolengwa na ile trastuzumab, haikupimwa, PD-L1 ndo usiulize. Kila moja ya hivyo ni rangi inayopakwa kwenye kipande chembamba cha nyama juu ya kioo, na mtu mmoja aliyesomea anainama kwenye hadubini anahesabu seli ngapi zimeshika rangi. Dawa ishuke bei mpaka iwe bure, bila mtu huyo hakuna anayejua apewe nani.

Tunayo sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, na kila ninapofuatilia mjadala wake nasikia dawa, vitanda, majengo, mashine za mionzi, mara chache sana nasikia rangi za maabara na watu wa kuzisoma. Daktari aliyeanza shahada ya uzamili ya patholojia mwaka 2025 anasoma miaka mitatu. Atatoka 2028.